Katikati ya karne ya 17 pwani yetu haikuwa imelala

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya makala ndefu iliyotoka gazetini mwako mwezi uliopita kuhusu misukosuko ya katikati ya karne ya 17. Mwandishi alieleza kwa ustadi jinsi Vita vya Miaka Thelathini vilivyokwisha huko Ulaya mwaka 1648, jinsi utawala wa Ming ulivyoanguka China mwaka 1644, na jinsi Waingereza walivyomkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, Januari 1649. Sina ugomvi na lolote katika hayo. Kilichonifanya nichukue kalamu ni aya yake ya mwisho, ambamo aligusia kwa mistari miwili kwamba pwani ya Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa chini ya Wareno, ikingojea Waarabu wa Oman waje kuikomboa.

Simlaumu sana, maana hata mimi niliyefundisha historia katika shule za sekondari hapa Mombasa hadi nilipostaafu, nilikuwa nikifanya vivyo hivyo. Nilikuwa naandika ubaoni 1498, Vasco da Gama. Chini yake 1593, ujenzi wa Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa. Chini yake tena 1698, Wareno wafukuzwa. Siku moja mtoto wa kidato cha pili akanyanyua mkono akaniuliza: "Mwalimu, hiyo miaka mia na tano ya hapo katikati watu walikuwa wanafanya nini?" Nikamjibu kwamba walikuwa wakidhulumiwa. Alikaa chini, lakini niliona wazi kwamba hakuridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika.

Jibu la haki lingeanzia mwaka 1631. Mombasa wakati huo ilikuwa na sultani wa ukoo wa Malindi, kwa kuwa Malindi ndiyo iliyokuwa rafiki wa Wareno tangu mwanzo, na walipoishinda Mombasa walimhamishia hapa sheikh wake awe sultani. Urafiki huo haukumfaidia kitu mrithi wa fadhila hiyo. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na makapteni wa ngome juu ya ushuru na heshima yake, akakimbilia bara kwa Wamusungulo, kama Wareno walivyowaita watu wa upande wa Rabai, na mwaka 1614 akauawa huko na watu waliohongwa. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mwanawe, Yusuf, alikuwa bado mtoto mdogo. Naye akapelekwa Goa huko huko, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akajifunza Kireno na kazi ya mizinga na merikebu. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa sultani, akiwa Mkristo, chini ya kivuli cha ngome ya watu waliomuua baba yake.

Wareno waliamini kwamba wamepata mtu wao. Lakini kapteni wa wakati huo, Pedro Leitão de Gamboa, alimfanyia ufidhuli mbele za watu, na Waswahili wenzake hawakumwamini kwa sababu ya dini yake mpya. Zikamfikia kapteni habari kwamba sultani ameonekana usiku akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake. Yusuf alipotambua kwamba atapelekwa Goa kuhukumiwa, aliingia ngomeni na watu wake Agosti 1631, akamuua kapteni kwa mkono wake, kisha akawapa Wareno na Wakristo weusi wa mji hiari ya kusilimu au kufa. Wengi walikataa wakauawa, wanaume kwa wanawake, na watoto pia. Wengine walipelekwa Arabuni kuuzwa utumwani. Watu walionusurika walihojiwa kwa kiapo, kwa sababu Kanisa lilitaka kuwatangaza waliouawa kuwa mashahidi wa dini, na ndiyo maana tunajua kisa hiki kwa undani kuliko tunavyojua mengi ya wakati ule.

Naomba nitoke nje ya mstari kidogo. Wako wanaomfanya Yusuf bin Hasan shujaa asiye na doa, na wako wanaomwita haini na muuaji basi. Mimi nimesoma habari zake kwa miaka mingi na bado siwezi kumweka upande mmoja. Aliyeua watoto hawezi kutakaswa kwa sababu tu alidhulumiwa, lakini wala hatuwezi kumhukumu bila kukumbuka kile kichwa kilichosafirishwa baharini. Mtu wa namna hii ndiye anayefaa kufundishwa darasani, kwa kuwa wanafunzi hubishana juu yake hadi kengele inalia.

Januari 1632 msafara mkubwa wa merikebu kutoka Goa, ukiongozwa na Francisco de Moura, ulikuja kuizingira ngome ukashindwa. Huyu kijana aliyefundishwa vita na wao wenyewe aliwashinda kwa mizinga yao wenyewe. Hata hivyo alijua hawezi kukaa peke yake milele. Mwezi wa Mei aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapanda chombo alichoteka, akawa haramia wa bahari kati ya Madagaska, Komoro na Bahari ya Sham, hadi alipouawa mwaka 1638. Wareno wakarudi katika ngome tupu, na tangu siku hiyo hawakumweka tena sultani Mombasa. Kapteni akawa ndiye serikali.

Sasa namwomba msomaji wako yeyote aliyeko Mombasa afike pale Fort Jesus, na kabla ya kuingia ainue macho juu ya lango. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno yaliyochongwa mwaka 1639. Watu wengi hupita chini yake wakitafuta tiketi mifukoni. Jiwe hilo linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwamba aliijenga upya ngome na kuongeza chumba cha walinzi. Kwamba aliwatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao dhalimu, yaani Yusuf. Kwamba aliwatoza kodi wafalme wa Manda na Luziwa na wengineo. Kwamba alizibomoa kuta za Pate na Siyu, huko visiwa vya Lamu. Kwamba aliwaadhibu Wamusungulo. Na kwamba huko Pemba aliwaua viongozi walioasi pamoja na wakuu wa mji kwa amri yake mwenyewe. Kisha linataja, bila haya yoyote, malipo yake: cheo katika nyumba ya mfalme, pensheni ya kila mwaka, na ugavana wa miji ya mbali huko Asia.

Niliposoma jiwe hilo pamoja na wanafunzi, nikiwatafsiria sentensi moja moja, yule mtoto wa swali la zamani alikuwa amekwisha kumaliza shule, na nilisikitika hakuwapo. Kwa maana jiwe lililochongwa kwa ajili ya kujisifu limekuwa orodha ya walioasi. Ukilisoma kwa makini unaona kwamba baada ya Yusuf kuondoka, moto haukuzimika: Pate ilikataa, Siyu ilikataa, Pemba ilikataa, watu wa bara nyuma ya Mombasa walikataa. Hawa hawakuwa wakimngojea mtu.

Kisha mambo ya mbali yakaingia ndani ya mambo yetu, na hapa ndipo nakubaliana na makala kwamba dunia nzima ilikuwa ikitikisika. Ureno ilikuwa chini ya taji la Hispania tangu mwaka 1580, na Desemba 1640 ikajitoa, ikaingia vitani na Hispania vita vilivyoendelea hadi 1668. Wakati huohuo Waholanzi walikuwa wakiwapokonya bandari zao huko Asia. Malacca ilikwenda mwaka 1641, Colombo ikafuata 1656. Hormuz walikuwa wamekwisha kuipoteza tangu 1622. Goa ilikuwa haina tena askari wala fedha za kutuma kila mahali palipowaka, na makapteni wa Mombasa, ambao walikaa miaka michache tu kila mmoja, walifanya haraka kujitajirisha kabla muda wao haujaisha.

Huko Oman, Imamu Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi, aliyechaguliwa mwaka 1624, alitumia robo karne kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe. Alipofariki mwaka 1649, binamu yake Sultan bin Saif akachukua uimamu, na Januari 1650 aliitwaa Muscat. Sijui kama wasomaji wanaipa tarehe hiyo uzito wake. Muscat haikuwa bandari tu. Palikuwa na ngome mbili za Kireno juu ya majabali, ndugu wa hii yetu, na merikebu zilizotia nanga chini yake. Waomani walipoziteka wakapata jeshi la majini la kuwafuata Wareno hadi kwetu. Ni mwaka mmoja tu tangu kichwa cha Charles kukatwa London, lakini kwa mvuvi wa Lamu au mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pate, habari ya Muscat ndiyo iliyobadilisha maisha yake.

Mwaka 1652 merikebu za Oman zilifika Unguja na Pate, zikaua Wareno, pamoja na padri aliyekuwa Unguja. Na hapa ndipo nataka tusimame, kwa sababu aliyekuwa akitawala Unguja alikuwa mwanamke, anayetajwa kwa jina la Mwana Mwema, na yeye pamoja na mwanawe aliyekuwa mfalme wa Utondwe, upande wa mrima, walikuwa wamejiunga na Waomani. Malkia huyu hakukombolewa na mtu. Alipima upepo akachagua. Alichagua vibaya kwa wakati ule, maana Wareno wa Mombasa walikwenda kulipiza kisasi mwaka uliofuata, wakaushambulia mji na kumfukuza, huku Waomani wakiwa wamekwisha kurudi kwao na msimu wa kusi. Miaka mingi baadaye malkia mwingine wa Unguja, Fatuma, alichagua kinyume chake: alishikamana na Wareno wakati ngome ya Mombasa imezingirwa na Waomani, akawapelekea chakula, na walipoanguka akachukuliwa mateka Oman. Kisiwa kimoja, malkia wawili, hesabu mbili tofauti. Ningependa sana kuona wanafunzi wetu wakiulizwa kwa nini, badala ya kuulizwa mwaka gani.

Mnamo 1661 Waomani waliingia mji wa Mombasa wakaupora, ila ngome hawakuigusa. Tafakari hali ya mwenyeji wa mji siku hiyo: aliyekuja kama ndugu wa dini anavunja maduka, na aliyejifungia ngomeni anatazama kutoka juu ya ukuta. Kaskazini nako kulikuwa na hesabu zake. Pate na Faza ziko kisiwa kimoja, na uhasama wao ulikuwa wa zamani kuliko Wareno wenyewe; kwa hiyo Pate ilipowaelekea Waomani, Faza ilibaki na Wareno. Hata katika siku za mwisho za mzingiro mkubwa ulioanza mwaka 1696, kapteni na askari wake walipokwisha kufa kwa maradhi, aliyeishikilia Fort Jesus kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na watu weusi wachache, wanaume kwa wanawake. Mwenyeji wa visiwa vya Lamu analinda ngome ya Wareno dhidi ya Waarabu! Habari hiyo haiingii katika ile hadithi ya kukombolewa, na nashuku ndiyo sababu haielezwi.

Pate yenyewe, iliyoteseka mikononi mwa Wareno kuliko mji mwingine wowote, ambayo mfalme wake aliuawa mwaka 1679 pamoja na wafalme wa Siyu, Manda na Lamu, baadaye iliwachoka Waomani ikawaita Wareno warudi, nao wakarudi Mombasa mwaka 1728 wakakaa mwaka mmoja na ushei kabla ya watu wa mji kuwafukuza wao wenyewe.

Hupenda kutumiwa hapa methali ya fahali wawili wapiganapo, kwamba ziumiazo ni nyasi. Naiheshimu methali, lakini kwa kipindi hiki inatupotosha. Nyasi zenyewe zilikuwa na wafalme, malkia, mabaraza ya wazee, majahazi na deni la zamani na jirani, na mara nyingi ndizo zilizomwita fahali mmoja aje kumpiga mwenzake. Waliumia kweli, tena sana. Lakini waliumia wakiwa wachezaji, na hilo ndilo ninalotaka lisipotee.

Kuna na upande wa elimu na utamaduni, ambao makala iliuzungumzia kwa upande wa Ulaya peke yake. Katika miaka hiyohiyo ya moto, Pate na Siyu zilikuwa vituo vya wanazuoni. Masharifu kutoka Hadhramaut, wa kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim, walikuwa wamehamia Pate, na kutoka katika ukoo huo alitokea Sayyid Aidarus bin Athman, aliyeitia Hamziya ya al-Busiri, shairi la Kiarabu la kumsifu Mtume, katika Kiswahili cha kale, Kingozi, mstari wa Kiarabu na wa Kiswahili ukifuatana. Wapo wataalamu wanaoiweka tafsiri hiyo mwaka 1652, mwaka uleule merikebu za Oman zilipofika Unguja, na wapo wanaoisogeza hadi karibu na 1749. Hata tukiwakubali hawa wa pili, kazi ya namna ile haizuki kama uyoga baada ya mvua. Lugha inayoweza kubeba qasida nzima ya Kiarabu na kuipa vina vyake ni lugha iliyokwisha kufinyangwa na watunzi wa vizazi kadhaa, na vizazi hivyo ndivyo vilivyoishi chini ya kina Cabreira. Mwaka 1728, Wareno wakiwa wamerudi Mombasa kwa mwaliko wa Pate, huko Pate Mwengo wa Athumani alikuwa akitunga Utendi wa Tambuka, habari za Mtume kupigana na mfalme wa Rumi, Herekali. Mfalme wa Pate ndiye aliyeuagiza. Msomaji ataamua mwenyewe kama kutunga vita vya Waislamu na Warumi katika mji ambao umebomolewa kuta zake na Wakristo ni jambo la sadfa. Mimi sioni sadfa.

Na Wareno nao waliacha kitu katika vinywa vyetu. Tunakaa mezani, tunacheza karata, tunapandisha bendera, mwanamke anajifunga leso, na hakuna anayekumbuka kwamba maneno hayo yalishuka merikebuni. Linalonivutia zaidi ni neno gereza, linalotokana na neno la Kireno la kanisa. Ndani ya ngome kulikuwa na kanisa, na mwenyeji aliyetazama kutoka nje hakuwa na sababu ya kutenganisha kanisa na kuta zilizolizunguka. Basi ngome yenyewe ikawa gereza. Baadaye Waingereza wakaifanya Fort Jesus jela kweli kweli, tangu 1895 hadi 1958, na neno likatua pale lilipo leo. Katika neno moja mna kanisa, ngome na jela, na sijui mwanahistoria gani angeweza kukifupisha kipindi hiki vizuri kuliko walivyofanya watu wa mji kwa ulimi wao.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa Mhariri, ni dogo. Ikiwa gazeti lako litaendelea na mfululizo huu wa karne ya 17, na natumaini litaendelea kwa sababu vijana niliokutana nao barazani waliusoma, basi mpeni mwandishi wenu nafasi ya makala nzima juu ya pwani kati ya 1631 na 1661, akimweka Mwana Mwema pale alipomweka Charles, na Muscat pale alipoweka Westfalia, yaani mkataba uliomaliza vile Vita vya Miaka Thelathini. Na mkiwa na nafasi pembeni mwa ukurasa, chapisheni maandishi ya lile jiwe la lango kwa Kiswahili, yote, bila kukata ile sehemu ya pensheni. Tafsiri niliyowatayarishia wanafunzi wangu ninayo bado, imo katika daftari la kurasa themanini lililoliwa na mchwa pembe moja tu, na maandishi yanasomeka. Mkiihitaji nitaileta ofisini kwenu kwa mkono wangu, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mombasa